Cherehani ya Kushonea Mfarishi

Marehemu mama yangu alipofariki mwaka 2019, nililetewa hapa Northampton kanga zake doti sita. Nilikaa nazo miaka miwili bila ya kuzigusa. Hatimaye niliazimia kuziunganisha na kuzitia pamba, ziwe mifarishi ya wajukuu wangu watatu, ambao hawakujaaliwa kumwona.

Sikuwa na cherehani. Dukani muuzaji alinihesabia aina mia mbili za mishono, nami, mwalimu mzima, nikavutika kama mtoto mbele ya peremende. Nikalipa. Usiku ule ule nilianza kushona. Meno ya cherehani yaliuvuta upesi upande wa chini, mguu wake ukaizuia kanga ya juu, yakatokea makunyanzi papo hapo penye jina la kanga. Nilipofumua, kitambaa kile kikuukuu kikachanika. Nililia, wala sioni haya kusema.

Kosa lilikuwa langu. Mfarishi si kanzu: una tabaka tatu, na zote hazina budi kwenda sawia. Kwa kazi hiyo hutakiwa mguu wa namna ya pekee, wenye meno yake wenyewe, unaoivuta nguo ya juu kadiri ile ya chini inavyovutwa. Ulizeni kwanza kama cherehani inaukubali. Kisha pimeni uwazi ulio kuliani mwa sindano, kwani humo ndimo mfarishi uliokunjwa utakamopita. Ile yangu ya kwanza ilikuwa na inchi sita tu, nikawa kama mtu anayepitisha godoro dirishani. Anayetaka kushona maua kwa kuiongoza nguo kwa mikono, na atafute ambayo meno yake huweza kushushwa. Uzito nao ni sifa, maana cherehani nyepesi hutikisika. Ama mishono, ulionyooka mmoja watosha.

Dada yangu alitaka nichukue Singer ya mama, ya kuzungusha kwa mkono, iliyoundwa Clydebank, Uskoti, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Mshono wake ni mzuri mno hata leo. Lakini mkono mmoja ukishika gurudumu, unabaki mmoja tu wa kuongoza mzigo wote ule, na mikono yangu imekwisha kuzeeka.

Mara ya pili nilikwenda na vipande vyangu vya kanga, pamba na shuka, nikaomba nivishone pale pale. Duka moja lilikataa, nikaaga. La pili liliniachia nusu saa nzima, nami nikatoka na cherehani iliyokwisha kutumika, nzito, yenye uwazi wa inchi tisa.

Ile kanga iliyochanika niliitia kiraka kwa chini. Jina lake limepungukiwa neno moja, na mjukuu wangu mkubwa kila akilisoma hulijazia neno lake mwenyewe.

Anayetaka kuijaribu cherehani yangu kabla ya kununua yake, na aje Jumamosi baada ya adhuhuri. Ila aje na vitambaa vyake.