Mbweha Watano wa Pushcha-Vodytsia

Mjukuu wangu anasomea mawasiliano chuo kikuu. Juzi nilimwambia kwamba ujanani nilikuwa nikishindana kutafuta redio zilizofichwa msituni, akaniuliza, "Kwani babu, hazikuwa na lokesheni?" Nikamjibu kwamba mchezo wenyewe ndio huo, kuitafuta lokesheni. Hakunielewa. Anajua kasi ya intaneti ya kila kampuni mjini, lakini hakuna aliyewahi kumpa antena mkononi aone kwamba wimbi la redio lina upande linakotokea. Jambo hilo limeniudhi hadi nimekaa kuandika.

Klabu yetu ya redio ilikuwa Kyiv, nilikokwenda kusoma, kwenye chumba cha chini kabisa cha bweni, na harufu yake naikumbuka kuliko sura za wengi niliosoma nao. Ilikuwa harufu ya rosini. Kila unapotaka kulehemu waya, unachovya ncha ya pasi ya moto kwenye kipande cha rosini, moshi mweupe unakupanda usoni, macho yanawasha. Rosini hutengenezwa kwa utomvu wa msonobari. Kwa hiyo Jumapili, tuliposhuka kwenye tramu namba 12 huko Pushcha-Vodytsia, ukingoni mwa mji ambako misonobari imejipanga hadi upeo wa macho, tulipokewa na harufu ileile ya chumba chetu, safari hii bila moshi. Hadi leo fundi simu akilehemu karibu yangu, miguu inataka kukimbia.

Aliyetufundisha alikuwa fundi mzee, mpole, mkali kwenye jambo moja tu: hakuna kuingia msituni na kipokezi ulichoundiwa na mtu mwingine. Mimi mgeni sikuruhusiwa kugusa mtambo wa kurushia. Kupokea hakuna aliyenikataza, na mzee alinikalisha mezani jioni baada ya jioni mpaka kipokezi changu kikasema. Antena ilikuwa bomba jembamba la alumini lililopindwa kuwa duara la ukubwa wa sahani ya pilau, na ndani yake mizunguko ya waya wa shaba. Juu kabisa bomba lilikatwa, likaachwa na pengo dogo. Pengo hilo likizibwa, bomba zima hugeuka kizuizi na kipokezi kinakuwa kiziwi. Mzee alikuwa akipitisha ukucha pale, kwa kila mmoja wetu, kabla hatujatoka mlangoni.

Ukielekeza ukingo wa duara kule mtambo uliko, sauti inajaa kwenye hedifoni. Ukiligeuza ili uso wake ndio uelekee huko, sauti inakatika. Sikio hupambanua kukatika vizuri zaidi kuliko kujaa, ndiyo maana tulikuwa tukitafuta kimya. Lakini kimya hicho kiko mbele na kiko nyuma. Hapo unageuza tena ukingo, unabonyeza kitufe kinachounganisha antena ya pili, fimbo iliyosimama wima, na sasa upande mmoja unapanda na wa pili unafifia. Umejua kama mbweha yuko mbele yako au umempa mgongo.

Mbweha ndiyo ile mitambo iliyofichwa. Walikuwa watano, wote kwenye masafa mamoja karibu na megahezi 3.5, kila mmoja akilia dakika moja kwa zamu kisha akinyamaza nne. Walijitaja kwa Morse: MOE, MOI, MOS, MOH, MO5. M na O ni mistari mitupu, kwa hiyo hata asiyejua Morse huhesabu nukta za mwishoni, moja hadi tano.

Ustadi wote ulikuwa kwenye zile dakika nne. Umemsikia wa tatu kulia kwako, sasa amenyamaza: unamkimbilia ukiwa umeshika upande kichwani, au unasimama kumpima wa nne? Ukimkaribia, sauti inafurika hadi upande unapotea, inabidi upunguze nguvu ya kipokezi, na mara nyingi ni wakati huohuo anaponyamaza. Unabaki umesimama kwenye majani yaliyooza, ukijua kwamba moja ya nyaya nyembamba zinazofanana na vijiti hapo juu ndiyo yake. Sijapata kusikiliza kitu chochote maishani kwa makini kama nilivyosikiliza pale.

Nimehakikisha tarehe: ubingwa wa kwanza wa Ulaya wa mchezo huu ulifanyika Stockholm mwaka 1961, na wa kwanza wa dunia Cetniewo, Poland, mwaka 1980, mwaka ule nilioingia Kyiv. Sisi hatukuwa na habari na ubingwa. Tulikuwa na Jumapili na tramu.

Nyumbani nilirudi nikakuta ufundi huohuo una kazi ya mshahara. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa tembo Iain Douglas-Hamilton alikuwa ameshawavalisha tembo wa Manyara kola za redio na kuwafuata kwa antena. Baadaye zikaja simu, vipokezi vya mashindano vikawa vya dukani, na siku hizi mkimbiaji hugusisha kijiti cha kielektroniki kuthibitisha kwamba amefika. Sawa.

Kinachoniuma ni imani kwamba simu inajua. Simu husikiliza setilaiti ikapiga hesabu ya mahali ilipo yenyewe. Mtambo unaovuruga mawasiliano ya uwanja wa ndege, simu haiwezi kukuonyesha uko wapi. Ndege ikianguka, kifaa chake cha dharura huita setilaiti kwa megahezi 406. Setilaiti ziliacha kusikiliza 121.5 Februari 2009, lakini vifaa vingi bado hutoa sauti hafifu kwenye masafa hayo, kwa ajili ya mtu anayekuja kwa miguu au kwa helikopta akiwa na antena. Mtu huyo lazima awe amefundishwa mahali fulani.

Na kumfundisha ni rahisi kuliko enzi zetu. Kwa masafa ya megahezi 144 vijana wa klabu za redio huunda antena kwa bomba la plastiki na vipande vya tepu ya chuma ya kupimia, vitu ambavyo Kariakoo vimejaa. Vile vipande hujikunja ukipenya kichakani, kisha vikanyooka vyenyewe. Alumini yetu ikipindika, Jumapili ilikuwa imekwisha.