Chama cha Kuchanga Usiku

Mama yangu hajui likizo. Nikiwaambia hivyo marafiki zangu wa Nairobi wananijibu kwamba hata mama zao hawajui, mama wa Kiafrika na likizo wapi na wapi, na tunacheka yanaisha. Lakini mimi naongea juu ya kitu cha kuhesabika. Tangu baba afariki mwaka 2009 hadi mwaka jana, Mama hakulala nje ya boma letu hata usiku mmoja. Hakukesha kwenye matanga ya dada yake mkubwa. Hakuja Nairobi nilipohitimu. Mpwa wake alipooa pale Awendo, ambako ni karibu tu na kwetu Rongo, alifika saa nne asubuhi na saa tisa alikuwa ashapanda matatu ya kurudi. Keki ilikatwa akiwa njiani.

Sababu ni kaka yangu. Ana miaka 36 na ana ulemavu wa akili. Sio ugonjwa wa akili, ingawa sokoni watu huviita vyote viwili kwa jina moja ambalo sitaliandika. Haugui. Alizaliwa hivyo, anajifunza polepole, na kuna vitu ambavyo hatajifunza. Anajua kuchota maji, kufagia boma hadi unaogopa kulikanyaga, kurudisha mbuzi wote jioni bila kukosa hata mmoja. Matatu za Migori anazitambua kwa honi kabla hazijatokea. Asichojua ni pesa, saa na barabara. Sasa, barabara kuu inayotoka Kisii kwenda Migori hadi mpakani Isebania inapita karibu na kwetu, na malori na matrekta ya miwa hayalali. Na katika dunia hii hakuna kitu bro anapenda kama gari.

Baba alimjengea simba yake, ile nyumba ya kijana katika boma la Kijaluo, kama alivyostahili mtoto wa kwanza wa kiume. Kwa hivyo analala kwake, kama mwanaume. Ila kitanda cha Mama kimesogezwa hadi dirishani, na dirisha lile linatazama mlango wa simba. Mlango ukilia usiku, Mama anakuwa nje kabla haujafunguka wote. Amelala hivyo miaka mingi sana. Mimi nikienda nyumbani nashindwa hata kulisikia hilo bati likigongagonga, yeye ananiambia, "Huo ni upepo, nyathina, lala." Anajua upepo na anajua mtoto wake.

Bro alisoma kwenye kitengo maalum cha shule ya msingi hadi alipokaribia miaka 20. Halafu akarudishwa nyumbani na mkoba wake, na hapo ndipo mambo yalipoishia. Mtoto mwenye ulemavu angalau ana mwalimu, na picha yake inaweza kuwekwa kwenye kalenda ya mfadhili. Jamaa wa miaka 36 mwenye ndevu haingii kwenye kalenda ya mtu.

Na sio eti tuko wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Homa Bay, kaunti jirani yetu, ilikuwa na asilimia 4.3, karibu mara mbili, ikizidiwa na Embu peke yake. Lakini sensa inamhesabu mwenye ulemavu. Yule anayelala jicho moja wazi kwa sababu yake hana kisanduku kwenye fomu.

Kuna Inua Jamii. Mpango huu wa serikali unazipa familia shilingi 2,000 kwa mwezi, na sehemu yake moja ni ya watu wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji mtu wa kuwaangalia saa zote. Siwezi kuzidharau pesa hizo, zimenunua unga na sabuni kwenye nyumba nyingi. Ila nilikaa siku moja nikapiga hesabu. Elfu mbili gawa kwa siku thelathini ni kama shilingi 67. Gawa tena kwa saa ishirini na nne. Haifiki shilingi tatu kwa saa. Yaani serikali inakubali kwa maandishi kwamba kazi hii ni ya saa zote. Kinachokosekana ni mtu wa pili wa kuifanya.

Huyo mtu wa pili nilimsikia kwanza kutoka kwa binamu yangu. Ni mtoto wa Migori kama mimi, lakini siku hizi yuko Leeds, Uingereza, anafanya kazi ya ulezi. Nilidhani analea wazee. Kumbe yuko kwenye nyumba yenye vitanda sita, wageni wake ni watu wazima kama bro, na wanakuja kwa siku mbili, tatu, wiki moja, kisha wanarudi kwao. Kwa nini wanakuja? "Mama zao wapumzike," akasema, hivi hivi, kama mtu anayekueleza kwamba watu huenda kinyozi kunyolewa. Huko kuna sheria ya mwaka 2014 inayoitaka halmashauri imkague hata mlezi mwenyewe, imuulize kama anaweza kuendelea na anahitaji nini. Binamu anasema hata hivyo foleni ni ndefu na wazazi wanalalamika kila siku. Lakini angalau kuna kitu cha kupigia foleni. Nilikata simu nikawaza: binti wa Migori amevuka bahari akalipwa ili mama wa Leeds alale, na shangazi yake hapa Rongo hajalala.

Mwaka juzi Mama akapata mtoto wa jicho, jicho la kulia. Upasuaji wenyewe si mkubwa, unaingia asubuhi unatoka jioni, lakini daktari alitaka arudi kesho yake akaguliwe, na kwa siku kadhaa asiiname, asibebe mtungi, asikimbie. Asikimbie! Mtu ambaye kazi yake ni kukimbia kila mlango unapolia. Aliahirisha mara ya kwanza, akaahirisha tena. Aliniambia jicho moja linamtosha kuona simba.

Nikaanza kupiga simu nikitafuta mahali pa kumlaza bro kwa siku tatu tu. Shule moja iliniambia amepita umri. Makao fulani ya watoto yakaniambia hivyo hivyo. Hospitali moja ikauliza anaugua nini, nikasema haugui, wakasema basi hawawezi kumlaza. Mahali pengine mtu mpole sana alinieleza kwamba wanaweza kumchukua, ila moja kwa moja, na familia isaini. Yaani ningeweza kumtoa bro milele, lakini kumtoa hadi Alhamisi haikuwezekana.

Aliyetutoa hapo ni Mama Mdogo, mdogo wake Mama, anayeishi nje kidogo ya mji wa Homa Bay na kuuza omena. Yeye hana mtoto mwenye ulemavu, lakini jirani yake anaye, na kupitia kwake aliingia kwenye chama cha akina mama sita. Kilianza kama chama cha kawaida, mnachanga pesa, mnapeana kwa zamu. Kisha mmoja wao akapata msiba upande wa Mbita, wenzake wakamshikia kijana wake kwa siku mbili. Aliporudi akawaambia zamu yake ikifika hataki pesa, anataka usiku mwingine. Wakacheka. Halafu wakanyamaza, maana kila mmoja alikuwa anataka hicho hicho.

Sasa wanachanga usiku. Kila baada ya wiki mbili mmoja anapeleka na mwingine anapokea. Mgeni anakuja na shilingi 200 za chakula kwa kila siku atakayolala. Kabla ya kulala mara ya kwanza lazima awe ameshinda pale mchana mara mbili, anywe chai, aione choo iko wapi. Usiku wanawake wawili wanalala kwenye nyumba hiyo, si mmoja. Mgeni akiwa wa kike, hakuna mwanaume anayelala humo, hata mwenye nyumba anakwenda kulala kwa ndugu yake. Hiyo sheria ya mwisho haikutoka hewani. Wanawake wenye ulemavu wa akili huumizwa mara nyingi na watu wanaowajua, na akina mama hawa hawajifanyi hawajui. Na kila mgeni ana daftari: anakula nini, anaogopa nini, dawa saa ngapi kama anazo.

La bro lilijazwa na Mama akisema, mimi nikiandika. Kurasa nne. Asiitwe kwa sauti kubwa kutoka nyuma. Uji wake uwe wa moto lakini kikombe kisiwe cha chuma. Akikosa usingizi, apewe redio, asipewe maneno. Nilikuwa nimeishi na huyu jamaa utoto wangu wote na nusu ya yale mambo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Yalikuwa kwenye kichwa cha Mama peke yake. Angeanguka siku moja, yangeondoka naye.

Tulimpeleka kushinda mara mbili. Mara ya tatu, Jumapili, tulipanda matatu pale Rongo, tukapita Rodi Kopany, bro akitaja kila gari tuliyopishana nayo, nikamwacha kwa Mama Mdogo na begi lake na redio. Jumatatu Mama akafanyiwa upasuaji.

Maneno ya mtaa hayakukosa. Mzee mmoja wa ukoo alikuja kumpa pole ya jicho, na kabla chai haijapoa akauliza mbona tumeanza kumtupa mtoto. Mama, na bandeji yake, akamuuliza kwa heshima zote: "Wako wanne wanalala Nairobi, mzee. Hao nao uliwatupa?" Mzee akaomba sukari.

Mama Mdogo alinipigia kila jioni. Siku ya kwanza bro alilia, akamuulizia Mama hadi saa tano usiku, wakampa redio, wakamwacha. Siku ya pili alikwenda nao ufuoni kuanika omena, na ikaonekana anaanika vizuri kuliko wote, safu zimenyooka kama daftari. Huku kwetu, Mama usiku wa kwanza hakulala, alisikiliza tu. Wa pili alilala saa mbili. Saa tatu asubuhi bado alikuwa amelala, nikasogea karibu kuhakikisha anapumua.

Bro alirudi na jambo moja ambalo hatukulitarajia. Mezani Mama alianza kumkatia ugali kama kawaida, naye akausogeza mkono wake. "Kwa Mama Mdogo nakata mwenyewe." Akakata. Miaka 36. Hakuna aliyekuwa amemnyima, ila ni mtu mmoja tu aliyekuwa anamkatia siku zote, na mtu huyo alikuwa na haraka na upendo mwingi. Sote tumewahi kuwa wageni kwa watu, tukakaa vizuri, tukala tusichokizoea, tukarudi nyumbani tumebadilika kidogo. Yeye hakuwa amewahi kuwa mgeni wa mtu yeyote. Nilidhani tunatafuta mapumziko ya Mama. Kumbe bro pia alikuwa anahitaji kupumzika kutoka kwetu.

Ndiyo maana nikisikia watu wakisema kaunti ijenge makao, nataka kuuliza makao gani. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 19 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katika jamii, achague anaishi wapi na nani, na apate huduma za kumsaidia kuishi hivyo. Mei 2025 tulipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu mahali pa ile ya 2003. Karatasi tunazo. Ninachotaka mimi ni nyumba ndogo ya vitanda vinne Rongo na nyingine Homa Bay, wafanyakazi waliochunguzwa na wanaolipwa, mlango ambao jirani anaweza kubisha wakati wowote, na tarehe ya kurudi nyumbani iandikwe siku ya kuingia. Nyumba ya siku tatu isigeuke nyumba ya kutupia watu. Chama cha wanawake sita wasiolipwa ni kizuri, lakini mmoja wao akiugua, wanabaki watano, na wote wanazeeka.

Mama ana miaka 67. Kila bro anapolala kwa watu na kuamka salama, tunafanya mazoezi ya siku ambayo yeye hatakuwepo. Hatulisemi kwa sauti. Lakini daftari sasa lina kurasa kumi na moja, na nakala moja iko kwangu Nairobi.

Mwezi ujao ni zamu yetu kupokea. Mgeni ni dada wa miaka 28 kutoka Homa Bay, na mama yake ameshakuja kukagua. Alijaribu komeo la mlango kwa mkono wake. Aliuliza majirani ni akina nani, nani huingia bila kubisha, simba iko umbali gani na nani analala humo. Mama hakukasirika, alimjibu swali moja moja. Wamekubaliana kwamba siku hizo tatu bro atalala kwa mjomba. Mama ameanika godoro juani tangu Jumanne, na bro ameuliza mara mbili kama mgeni anapenda redio.