Krimu Inayosifiwa Wiki ya Kwanza

Miaka ya kukaa na binti wa dada yangu akiwa sekondari imenifundisha jambo ambalo nadhani kila mzazi mwenye kijana anapaswa kulijua. Dawa halali ya chunusi huanza kwa kumkera anayeitumia, na ile ya kumharibu huanza kwa kumpendezesha. Kijana wa miaka 15 hawezi kuligundua hilo peke yake. Atakimbilia kinachompendezesha, na mara nyingi sisi wakubwa, kwa ndimi zetu, ndio tunaomkimbiza.

Chunusi zenyewe hazina fumbo. Mtoto anapobalehe, homoni ziitwazo androjeni, ambazo hata wasichana wanazo, huziamsha tezi za mafuta ndani ya ngozi. Mafuta yanazidi, seli zilizokufa zinanasa kwenye kitundu, kitundu kinaziba, na bakteria ambao siku zote wanaishi ngozini wanapata pa kuzaliana. Mwili unapambana, na hapo ndipo panapovimba, pengine na kutunga usaha. Katika maelezo hayo sijataja uchafu, wala damu chafu, wala mawazo ya mapenzi. Kijana anayenawa asubuhi na jioni huota chunusi, na asiyemuwaza mtu yeyote huota pia. Vyakula vyenye sukari nyingi vinaweza kuchangia kwa baadhi ya watu, na mafuta mazito ya nywele yanayoshuka kwenye paji la uso huziba vitundu. Lakini mzizi wa jambo ni umri, na pengine kurithi kwa mama au baba.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna la ziada. Chunusi ikipona huacha doa, na doa hilo laweza kukaa miezi. Nimewasikia wasichana wengi wakisema chunusi wangeivumilia, ila madoa yanawanyima raha. Hapo ndipo wauza krimu za kung'arisha wanapopata wateja, na wateja hao bado wamevaa sare za shule.

Binti yetu alikuja likizo akiwa kidato cha tatu, uso laini, hauna hata kipele. Majirani walimpokea kwa sifa. "Mwanetu umetakata!" walimwambia, na mama yake akafurahi kwa sababu alijua mtoto alivyokuwa akijificha kwenye picha za familia. Kumbe bwenini walikuwa wanachangiana tyubu ya krimu, kila mmoja akitoa alichonacho, wakipaka usiku baada ya prepu. Likizo ilipoendelea krimu ikaisha. Siku chache tu baadaye uso ukamchachamaa: vipele vidogo vidogo vilivyofanana, kuwashwa, ngozi kuwaka moto hata akinawa maji ya kawaida. Akatafuta tyubu nyingine, uso ukatulia. Alipojaribu kuacha tena, vikarudi vingi kuliko mara ya kwanza.

Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi. Alimtazama, akamsikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, kesho niletee kila unachopaka usoni. Kila kitu, mpaka sabuni."

Kesho yake mfuko ukamwagwa mezani. Kulikuwa na sabuni ya dawa ya kipande, kichupa cha spiriti, dawa ya meno, ndimu, kopo dogo la liwa alilopewa na bibi yake, mafuta ya mgando, na ile tyubu, imekunjwa kuanzia mkiani mpaka shingoni ili isibaki hata chembe ndani. Daktari akaanza kuvitenga kimoja kimoja. Dawa ya meno na spiriti vinakausha na kuunguza ngozi, na ngozi iliyoungua huacha doa jeusi zaidi. Ndimu ina asidi, na ukitoka nayo juani yaweza kukubabua kabisa. Liwa hakuilaumu, alisema tu ipumzike mpaka ngozi ipone. Kisha akaishika tyubu, akaigeuza, akamwonyesha maandishi madogo ubavuni: klobetasoli.

"Hii ni steroidi kali," alisema. "Imetengenezwa kwa magonjwa mengine ya ngozi, ipakwe kwa muda mfupi na mtu akiwa anaangaliwa. Usoni si mahali pake. Na chunusi si ugonjwa wake."

Nilimuuliza mbona basi ilimsaidia. Jibu lake ndilo lililonifungua macho. Steroidi huzima uvimbe na kubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo ngozi hutulia haraka na kupungua wekundu na weusi. Aliyepaka hujiona amepona. Wakati huohuo ngozi inakonda. Baada ya muda mishipa huanza kuonekana, vinyweleo huota mashavuni, michirizi isiyofutika hujitokeza, na chunusi mpya huzaliwa, safari hii zikiletwa na dawa yenyewe. Ngozi ikishaizoea, ukiacha inalipuka. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi ukipata maji basi. Kinachosikitisha ni kwamba katika kisa hiki mlipuko humrudisha mtoto dukani, akiamini chunusi zake ndizo sugu na krimu ndiyo mkombozi.

Steroidi haiko peke yake. Haidrokwinoni, inayotumika kufuta madoa, ikipakwa kiholela kwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza ugonjwa huo tangu miaka ya 1970, walipokuwa wakiwatibu wanawake waliotumia krimu za kujichubua. Zebaki nayo hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini mtoto anayepimiwa krimu kwenye kikopo kisicho na jina hawezi kujua amebeba nini.

Sasa tazama upande wa pili. Benzoili peroksaidi, ambayo ni dawa ya kawaida ya chunusi, hukausha ngozi na kuichoma kidogo. Hupausha pia nguo. Foronya ya bluu ya binti yetu ilibaki na madoa meupe, na kola ya sweta lake la shule ikapauka upande mmoja. Wenzake wakamwambia, kama inafanya hivyo kwenye nguo, uso je? Swali zuri kwa mtoto, na lina jibu: dawa hiyo huondoa rangi ya kitambaa na nywele, haifanyi hivyo kwa rangi ya ngozi. Lakini asiyepewa jibu hilo mapema ataitupa.

Adapalini na tretinoini, zinazofungua vitundu vilivyoziba, ni ngumu zaidi kuzivumilia. Wiki za mwanzo ngozi hubambuka, huchonyota, na chunusi zinaweza hata kuongezeka kabla ya kupungua. Nafuu ya kuonekana huja kati ya wiki 8 na 12. Kwa mtu mzima hiyo ni miezi miwili au mitatu tu. Kwa kijana anayekutana na macho ya wenzake kila asubuhi mstarini, ni muda mrefu mno.

Daktari wetu alilijua hilo. Kabla hajaandika dawa alimwambia, "Wiki mbili tatu za kwanza utanichukia. Ukinichukia usiache, nipigie." Akamweleza apake usiku tu, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, uso ukiwa umekauka, ikichoma sana apake usiku mmoja na kuruka mmoja, asiache mafuta mepesi ya kulainisha, na ajikinge na jua. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tiba ni pamoja na kumwandaa mgonjwa kwa yatakayomkuta.

Yalimkuta kweli. Shule zilipofunguliwa, uso ulikuwa mbaya kuliko alivyoondoka, na wenzake wakamshauri arudie ile tyubu. Alinipigia kwa simu ya matroni.

"Mama mdogo, nabambuka uso mzima."

"Daktari si alikwambia?"

"Aliniambia."

"Basi uko kwenye njia aliyokuonyesha. Leo ruka, kesho upake."

Hakuwa na uhakika na dawa, wala mimi sikuwa nao. Alichokuwa nacho ni neno la mtu aliyemwambia ukweli mapema, tena ukweli usiopendeza. Hilo lilimshikilia mpaka ngozi ilipoanza kusafika.

Zipo dawa ambazo karaha yake si ya kupuuzwa, na kijana afundishwe kutofautisha. Doksisaiklini ni antibayotiki inayotolewa kwa chunusi nyingi zenye uvimbe. Inywewe na maji mengi, mtu akiwa ameketi au amesimama. Anayeimeza kwa funda moja akalala papo hapo anaweza kuamka na maumivu makali ya umio. Humfanya mtu aungue na jua upesi, na isitumiwe ovyo kwa miezi na miezi, kwa sababu bakteria hujenga usugu. Anayeitumia akipata maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu, awahi hospitali.

Nzito kuliko zote ni isotretinoini, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1982 kwa chunusi kali zinazoacha makovu. Imewarudishia wengi nyuso zao, na karibu kila anayeimeza hukaukwa na kupasuka midomo. Lakini mimba ikiingia wakati wa kuitumia, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro kubwa za ubongo, moyo na masikio. Kwa sababu hiyo, tangu 2006 Marekani ina mpango maalumu unaomtaka anayeweza kushika mimba apimwe mimba kabla ya kupewa dawa na aendelee kupimwa. Mtumiaji hupimwa pia damu, na akionekana amezama kwenye huzuni isiyo ya kawaida, daktari aambiwe mara moja. Dawa kama hiyo haiazimwi na rafiki wala haiagizwi kwa mtu wa mtandaoni.

Wavulana nao tusiwasahau. Tumewazoesha kwamba mwanamume hahangaikii uso, kwa hiyo wanahangaika kimyakimya. Kinyozi anawapaka spiriti, wanauma meno, wanarudi nyumbani uso unawaka, na hakuna wa kuwauliza. Msichana angalau ana wenzake wa bwenini wa kumshauri vibaya. Mvulana hata hao hana.

Najua madaktari bingwa wa ngozi ni wachache. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa nchi mbalimbali za Afrika tangu 1992, na bado katika wilaya nyingi mtu husafiri mbali kumpata mmoja. Lakini mfamasia yupo karibu zaidi, na wajibu wake ni kueleza kilichomo ndani ya tyubu. Mtoto asione haya kumuuliza, na mzazi asione muda wa kumsindikiza ni muda uliopotea.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiyaona mambo mengi kwa jicho hili. Mikopo ya kausha damu hufurahisha siku unayopokea pesa. Mtihani wa kuibiwa hufurahisha siku ya matokeo. Mchumba anayekusifu kwa kila kitu hufurahisha mwezi wa kwanza. Kwa upande mwingine, mwalimu mkali, mazoezi, kuweka akiba, kumwomba radhi uliyemkosea, vyote hivyo huanza kwa kuchonyota. Sisemi kila kinachouma kina faida, maana ndimu nayo inauma. Nasema tu kwamba raha ya siku ya kwanza haiwezi kuwa kipimo, na maumivu ya siku ya kwanza nayo hayawezi. Kipimo ni kujua kilichomo, na kujua kinakupeleka wapi.

Kwa wakubwa wenzangu nina ombi. Kwenye harusi na misiba, mkiwaona vijana baada ya muda, msianze salamu na nyuso zao. "Uso umefanyaje?" ni swali linalomtuma mtoto dukani. Na "umetakata" nayo humfundisha kwamba anapendwa zaidi akiwa na ngozi ile, hata kama inamla kutoka chini. Muulizeni masomo, muulizeni habari za wenzake. Akitaka kuzungumzia chunusi zake atazungumza, na hapo msikilizeni kama mnavyomsikiliza mwenye maumivu, maana anayo.

Na wewe kijana uliyeshika tyubu mkononi, iwe ya duka la dawa, ya saluni au ya shosti yako, uliza maswali matatu kabla ya kuifungua. Ndani yake mna nini? Wiki za mwanzo nitegemee nini? Na nikiacha kupaka, itakuwaje? Anayekuuzia asipoweza kuyajibu yote matatu, mrudishie.