Mkanda Uliokatika Juu ya Upare

Mzee mmoja alinishika mkono chini ya ngazi ya ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. "Mwanangu, yule binti alirudi kwao?" Nilidhani ananiuliza habari za abiria mwenzake. Kumbe anaulizia mkanda. Filamu ilizimwa tulipoanza kushuka juu ya milima ya Upare, naye akabaki na binti wa watu kituo cha basi, mvua inamnyeshea. Nikamwambia, shikamoo mzee, hata mimi sijui. Na kweli sikujua. Nilikuwa mmoja wa waliouchagua ule mfumo wa filamu ndegeni, na sikuwahi kuona mwisho wa filamu hata moja.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Nilikuwa ofisi ya huduma kwa abiria katika shirika ambalo sitalitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa la watu watano tuliokaa kikao, si la jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege. Hoja iliyotushinda wala haikuwa ya kitaalamu. Ilikuwa aibu tu. Mwenzetu wa masoko aliuliza: "Jamani, hata basi la Mwanza lina video. Anayepanda ndege tunampa nini, peremende?" Tukacheka, lakini ilituuma. Hakuna aliyekumbuka kumjibu kwamba basi la Mwanza lina zaidi ya kilomita 1,000 za barabara mbele yake. Abiria anamaliza sehemu ya kwanza na ya pili, analala, anaamka, bado Shinyanga haijafika.

Muuzaji wa mfumo alipokuja alitusifia JetBlue ya Marekani, iliyoanza kuruka mwaka 2000 ikiwa na televisheni kila kiti. "Na hizo ni safari za ndani," akasisitiza. Neno hilo "za ndani" lilituponza. Safari ya ndani kwa Mmarekani ni New York hadi California, saa sita. Yetu ni Dar hadi Unguja, dakika kama ishirini, na mwenye macho mazuri anaanza kukiona kisiwa kabla juisi haijafunguliwa.

Aliyejaribu kutuzuia ni mhandisi wetu, mtu wa maneno machache. Alitukumbusha ndege ya Swissair iliyoanguka karibu na pwani ya Nova Scotia, Kanada, Septemba 1998, watu wote 229 wakafa. Moto ulianzia kwenye nyaya juu ya dari, na miongoni mwa nyaya ambazo wachunguzi walizikuta na alama za cheche zilikuwamo za mfumo wa burudani uliofungwa baadaye. "Kila waya mnaoniletea, mimi ndiye nitakayelala nao," akasema. Tukamsikiliza nusunusu, kama kamati zinavyojua kusikiliza. Tukaacha skrini za kila kiti, tukachukua zile zinazoshuka kutoka darini, filamu moja kwa wote.

Kisha hesabu ikaanza kutusuta. Ratiba ilisema saa moja na kitu hadi KIA, na sisi tulinunua mfumo kwa hesabu ya ratiba. Siku moja nikakaa kiti cha nyuma na saa mkononi. Toa muda wa kuitafuta njia ya kurukia, toa kupanda, toa matangazo ya Kiswahili na yale yale kwa Kiingereza, ambayo kila mara yaliikata sauti ya filamu. Toa toroli la juisi, lililosimama mbele ya skrini kama ng'ombe barabarani. Toa kushuka. Nilibakiwa na dakika 23. Mhudumu akisema "fungeni mikanda", wa kwanza kufungwa ulikuwa ule wa sinema. Safari za Unguja tuliacha kabisa kuiwasha.

Lakini linaloniuma ni jingine. Asubuhi jua lilipiga kwenye zile skrini, picha hazionekani, abiria wakalalamika. Tukatoa maelekezo, na barua niliiandika mimi kwa mkono wangu: wahudumu wawaombe abiria washushe vifuniko vya madirisha.

Mimi, niliyepanda ndege mara ya kwanza utotoni, miaka ya 1980, ndani ya Fokker Friendship ya shirika la ATC, njia hiyo hiyo. Bawa la Fokker liko juu, dirisha ni pana, hakuna kinachokuzuia kutazama chini. Baba aliniachia kiti cha dirishani akajifanya anasoma gazeti, shingo yake ikivuka kichwa changu kila baada ya dakika. Tuliona Upare, tukaona bwawa la Nyumba ya Mungu likimetameta kama bati jipya. Kisha rubani akasema mlima uko kulia. Wa kushoto wote wakainuka. Bibi mmoja aliyebeba mtoto aliegemea bega la baba yangu, mtu asiyemjua, wakautazama pamoja mpaka mhudumu alipowarudisha vitini.

Huo ndio mlima nilioufunika kwa barua, ili watu waone robo ya filamu.

Mwaka jana nilipita tena njia ile, ndege ya panga boi, haina skrini hata moja. Huko Marekani bado wanavutana: American Airlines ilitangaza mwaka 2017 kwamba 737 zake mpya za safari za ndani hazitakuwa na skrini vitini, United mwaka 2021 ikatangaza kuzirudisha. Kwetu simu imemaliza kikao. Kijana aliyekaa jirani yangu alikuwa na filamu aliyoipakua kwao. Tulipoanza kushuka aliisimamisha, akaitia simu mfukoni, akaniambia ataimalizia kwenye gari la kwenda Arusha. Mwisho wa filamu, kitu ambacho kamati nzima ilishindwa kumpa yule mzee, yeye anatembea nao mfukoni.

Alikuwa amekaa dirishani, kifuniko chini. Nilimwomba akipandishe. Alikipandisha, akatazama, akasema "duh", akapiga picha mbili.

Ukienda KIA kutoka Dar, chukua ndege ya asubuhi kabla mawingu hayajapanda, na uombe kiti cha dirishani, upande wa kulia.