Mwenge: Mtori wa Kilimanjaro na wali wa nazi kwenye meza moja

Dar es Salaam. Wanaoshuka daladala Mwenge wengi wana safari zao: vinyago vya Wamakonde, mitumba, au wanavuka kuelekea Mlimani City na chuo kikuu. Ukiwa na watoto, tenga saa moja ya mchana uingie kwenye mgahawa wa mama lishe katika mitaa ya nyuma.

Usitarajie mapambo. Ni mabenchi, meza zenye vitambaa vya plastiki, majiko ya mkaa na ndoo yenye koki mlangoni. Kilichomo kwenye masufuria ndicho cha kutazama. Sufuria moja ina mtori, ndizi na nyama vilivyopikwa hadi vikalainika, chakula ambacho Wachaga humpikia mzazi aliyetoka kujifungua. Pembeni kuna wali wa nazi na samaki wa mchuzi, mapishi ya Pwani. Kisha makande ya Wapare, kisamvu, maharage na chapati, ambayo asili yake ni India. Hata ugali tunaouita wetu umetokana na mahindi yaliyoletwa kutoka Amerika.

Kwa mzazi, mchanganyiko huo una maana kubwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kudumaa hakuletwi na njaa pekee. Mtoto anaweza kushiba ugali na mchuzi kila siku na bado akakosa protini, madini ya chuma na vitamini. Maradhi ya mara kwa mara, hasa kuhara, nayo huchangia.

Kwa hiyo mkifika, agizeni sahani tofauti mgawane. Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza chakula cha nyongeza anaweza kulishwa mtori uliopondwa vizuri, nyama ikiwa imesagwa, huku akiendelea kunyonya. Mwombe dada anayepakua akutolee kabla ya kuongeza chumvi na pilipili. Samaki mchambue miba kwa vidole vyako, usiyaamini macho peke yake.

Wakubwa wapewe maharage au nyama, mboga za majani na kipande cha chungwa. Vitamini C iliyomo kwenye chungwa husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Chai ya rangi hufanya kinyume, hivyo isubiri kama saa moja baada ya kula. Soda iacheni, maji safi yanatosha.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Onja kwanza kabla ya kunyoosha mkono kwenye kikopo cha mezani.

Kabla ya kukaa, angalia mambo matatu: chakula kimefunikwa na bado kinatoa mvuke, sabuni ipo kwenye ndoo ya kunawia, na sahani zinasuuzwa kwa maji safi. Likikosekana hata moja, nenda mgahawa wa pili. Mwenge haina uhaba wa mama lishe, na anayejali usafi hachukii kuulizwa.