Sweta Jekundu la Sapporo

Mzigo wenyewe haukufika hata kilo moja, lakini tangu nilipokabidhiwa Magomeni hadi nilipoutua Sapporo, kaskazini mwa Japani, hapakuwa na mzigo mwingine ulionielemea kama huo. Lilikuwa ni sweta jekundu lililofumwa kwa mkono, likakunjwa ndani ya khanga na kufungwa kwa uzi. Mama aliyelifuma si mama yangu mzazi. Ni mama wa rafiki yangu niliyecheza naye chandimu utotoni. Lakini katika mitaa yetu mama wa mwenzio ni mama yako, na akikutuma hukatai. Aliposikia kwamba ninakwenda Tokyo kwa mafunzo ya wiki sita aliniita, akanipa chai, akanipa sweta, kisha akanipa na neno.

"Mwanangu," alisema, "huu ni mwaka wa saba. Fedha analeta, simu anapiga, simsingizii. Lakini picha hafungui. Kila nikimwambia niuone uso wako, mtandao mbovu. Basi nenda ukamtazame wewe kwa macho yako. Na umwulize atarudi lini."

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi barazani, ameegemeza redio sikioni. Hakutia neno lolote katika mazungumzo yetu. Nilipomwaga nikaona kwamba redio ile haikuwa imewashwa.

Ndugu msomaji aniwie radhi kwa kutolitaja jina la rafiki yangu huyo. Nitamwita Kipa, kama tulivyomwita zamani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisimama kati ya mawe yetu mawili ya goli. Ruhusa ya kuyaandika haya amenipa mwenyewe.

Tuliondoka Tokyo wiki ya pili ya Februari 2024, mimi na mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa Tanga, tuliyekuwa naye mafunzoni. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja na nusu tu. Mwalimu alikataa katakata. Alisema wanafunzi wake wakimwuliza kuhusu handaki la Seikan hataki kuwajibu kwa kusoma kitabu. Basi tukapanda treni ya kasi, na baada ya saa kadhaa tukaingia chini ya bahari inayokitenga kisiwa kikuu cha Honshu na kisiwa cha Hokkaido. Handaki hilo lina urefu wa karibu kilometa 54, na takriban kilometa 23 kati ya hizo zimo chini ya sakafu ya bahari. Lilifunguliwa mwaka 1988. Kabla ya hapo watu walivuka kwa meli, na mwaka 1954 meli iitwayo Toya Maru ilizama katika tufani pamoja na watu zaidi ya 1,100. Msiba huo ndio uliowasukuma Wajapani kulitilia mkazo wazo la kuchimba handaki. Mwalimu aliponieleza hayo nilimkumbuka kila mtu ninayemfahamu wa Mwanza na Bukoba, na mwaka 1996. Tulikaa kimya mpaka treni ilipotoka tena kwenye mwanga. Huko nje kila kitu kilikuwa cheupe.

Kipa alitupokea stesheni ya Sapporo usiku. Alikuwa amenenepa kidogo, amefuga ndevu, na alipotukumbatia alicheka kile kicheko chake cha zamani cha kukohoa. Nilifurahi nikasahau sweta. Tulipotoka nje nikakumbuka kila kitu kwa mpigo, maana baridi ilinipiga kofi usoni. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba baridi ni ile ya Makambako alfajiri. Usiku ule ilikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri, na vinyweleo vya puani vikashikana kama vimepakwa gundi.

Kutembea ndiko kulikonishinda. Theluji mpya haina taabu, unakanyaga kama mchanga wa pwani. Adui ni ile iliyokanyagwa na wengi ikageuka kioo. Nilianguka mara mbili kabla ya kufika barabara ya pili, Mwalimu mara tatu. Kipa akatufundisha kupiga hatua fupi, unyayo mzima chini, mwili ukiinama mbele kidogo. Kwenye kivuko kimoja palikuwa na sanduku, na ndani yake mifuko midogo ya changarawe. Bibi mmoja mzee sana alifungua sanduku hilo, akachana mfuko, akaimwaga changarawe mahali petu pa kupita kama mtu anayelisha kuku, akatuinamia kichwa na kuendelea na safari yake. Hakuwa mfanyakazi wa manispaa. Kipa alisema changarawe ile ni ya umma, na mwenye kuiona barafu ndiye mwenye kuimwaga.

Jambo moja lilinikera usiku ule ule. Kipa hakutupeleka kwake. Alitupeleka kwenye nyumba ndogo ya wageni karibu na stesheni, akalipa yeye, akasema chumba chake ni finyu. Mwalimu alisubiri mpaka alipoondoka, ndipo akaniambia, "Mtu wa Magomeni anakupangishia hoteli? Hata kama anaishi ndani ya sanduku, angetulaza juu ya kifuniko." Sikuwa na jibu. Sweta lilibaki kwenye mkoba.

Siku mbili zilizofuata tulizunguka mjini. Sapporo ni mji wenye watu wapatao milioni mbili, na kila majira ya baridi huangukiwa na theluji ambayo ukiijumlisha siku kwa siku hufika takriban mita tano. Nilimwuliza Kipa mji mkubwa hivyo unaishije ndani ya balaa hilo. Swali hilo lilimchangamsha kuliko maswali yote, kwa kuwa yeye ni mhandisi wa maji na alikwenda kule kusomea hayo hayo. Alitueleza jinsi matingatinga yanavyokwangua barabara usiku watu wakiwa wamelala, na malori yanavyoisomba theluji kwenda kuitupa nje ya mji. Kwamba maji machafu yaliyokwisha kusafishwa, ambayo bado yana joto kidogo, hutumika kuyeyushia nyingine. Kwamba taa za barabarani zimesimamishwa wima ili theluji isizikalie. Na kwamba mishale inayoning'inia juu ya barabara za nje ya mji humwonyesha dereva ukingo uko wapi wakati ardhi yote imekuwa shuka moja. Tulipita pia chini ya ardhi, katika njia ya miguu iliyofunguliwa mwaka 2011 kati ya stesheni na bustani ya Odori, ambamo watu hutembea bila kofia kana kwamba huko juu ni Julai. Nilimsikiliza nikatambua kwamba anasema "sisi". Sisi tunaanza kukwangua usiku. Sisi tunaipeleka mtoni. Sikumsahihisha.

Kwenye bustani hiyo ya Odori ndipo inapofanyika sherehe ya theluji. Ilianzishwa mwaka 1950 na wanafunzi wa shule waliofinyanga sanamu sita, katika mji uliokuwa ungali na uchovu wa vita. Leo kuna sanamu ndefu kama nyumba ya ghorofa nne, na askari wa jeshi ni miongoni mwa wanaozijenga. Mimi sanamu kubwa hazikunishika sana. Zilinishika zile ndogo za raia, zenye pua zilizopinda, na baba mmoja aliyekuwa akimnyanyua mwanawe agonge mikono na mnyama wa theluji. Kipa aliwatazama wale wawili muda mrefu kupita kiasi. Kisha akatununulia viazi vya moto vyenye siagi. Hokkaido ni nchi ya viazi, mahindi na maziwa, na kwa tumbo la mtu wa bara ilikuwa faraja, maana asubuhi yake tulikuwa tumepelekwa sokoni Nijo na kuwekewa bakuli la wali lililofunikwa samaki wabichi. Mwalimu alimgusa mmoja kwa kijiti, akasema huyu bado hajafika jikoni, tumsubiri.

Siku ya tatu tulikwenda Otaru, mji mdogo wa bandari, chini ya saa moja kwa treni, reli ikipita kando ya bahari yenye rangi ya risasi. Kipa alitusimulia kwamba jina la Otaru, kama lile la Sapporo, limetokana na lugha ya Waainu, wenyeji wa kale wa kisiwa hicho, ambao sheria ya Japani iliwatambua rasmi kuwa wenyeji wa asili mwaka 2019 tu. Otaru ilipata kuwa tajiri kwa samaki na kwa mabenki. Sasa inaishi kwa vioo vyake na kwa mfereji wake uliomalizika mwaka 1923, wenye maghala ya mawe upande mmoja. Jioni za Februari huelezwa mishumaa juu ya maji ya mfereji huo, ndani ya maboya ya kioo kama yale ya wavuvi wa zamani, na theluji huchongwa vijishimo kando ya njia, kila kimoja na mwali wake.

Mwalimu alitangulia kupiga picha. Nadhani alifanya kusudi. Tukabaki wawili darajani. Nikavua glovu, nikafungua mkoba, nikampa ile khanga.

Alifungua uzi kwa meno. Alipoliona sweta hakusema kitu, akavua koti pale pale katika baridi ile, akalivaa. Kifuani lilimbana. Mikono iliishia katikati ya kiwiko na kiganja. Mama alikuwa amemfumia kijana aliyeondoka, mwembamba kama mlingoti wa goli.

"Ameniagiza nikuulize utarudi lini," nilisema.

Alivaa koti juu ya sweta, akafunga vifungo vyote. "Mzee je?"

"Mzee alikuwa anasikiliza redio."

Alitabasamu kidogo, maana anamjua babake. Tulisimama mpaka miguu ikaanza kufa ganzi. Nilijua nikiongeza neno nitakuwa ninamsaidia kukimbia, nikanyamaza. Mwishowe alisema, "Kesho jioni mtakuja kula nyumbani."

Nyumba za kule zina milango miwili, wa nje na wa ndani, na kati yake pana kijinafasi cha kuvulia viatu na kukung'uta theluji. Kipa alifungua wa nje, akajibanza pembeni tupite kwanza. Niliinama kufungua kamba. Palikuwa na buti zake. Pembeni palikuwa na buti za kike. Na katikati ya hizo, zimepangwa vizuri pua zikielekea mlangoni, palikuwa na buti nyekundu za mpira zisizozidi kiganja changu kwa urefu.

Mwalimu aliziona wakati ule ule. "Haya," alisema taratibu, "sasa nimeelewa mtandao mbovu."

Mtoto ana miaka miwili. Mama yake ni mzaliwa wa kisiwa kile kile, anafanya kazi katika duka la dawa. Alitukaribisha kwa Kiswahili cha maneno manne, akayamaliza yote mlangoni, kisha tukacheka sote na ubaridi ukatutoka. Waliandikishana ndoa manispaa bila posa, bila mshenga, bila baba wala mjomba kujua. Kipa alikusudia kusema mwezi wa kwanza. Ulipopita akakusudia wa pili. Alinieleza hayo akiwa anakata kabichi, amenipa mgongo. Alisema alichokiogopa si ugomvi. Babake hagombi. Alikiogopa kile kimya chake.

Sikumhukumu, na nilimwambia wazi kwamba sikubaliani naye. Mama amefuma sweta akikisia mabega ya mtu asiyemwona. Hilo lilikuwa kosa, na theluji yote ya Hokkaido haikutosha kulifunika. Mwalimu naye alisema lake, kwa upole wa mtu wa pwani lakini bila kuzunguka.

Saa tatu usiku, ambayo kwa Dar es Salaam ilikuwa saa tisa alasiri, Kipa alivaa lile sweta, akaisimamisha simu juu ya meza akiiegemeza kwenye birika, akapiga. Safari hii alifungua picha. Uso wa Mama ulijaa kioo kizima, kwanza paji la uso, kisha jicho moja, kama wafanyavyo wazee wetu. Alimtazama mwanawe. Nilikuwa nimeshika pumzi.

"Mbona mikono mifupi?" aliuliza.

Kipa hakuweza kumjibu. Mtoto, ambaye alikuwa amelala kifudifudi akichezea khanga, alisikia sauti ngeni, akaja mbio, akapanda mapajani mwa babake na kuchungulia ndani ya simu. Kule Magomeni pakawa kimya. Nyuma ya Mama nilimwona Mzee akisogea kutoka barazani, redio mkononi. Alisimama, akatazama, akaondoka.

Mama ndiye aliyesema, baada ya muda mrefu: "Msogeze karibu. Hapo pana giza."

Nilipopita kuwasalimu niliporudi nyumbani, Mzee alinijibu salamu, basi. Hilo jambo hajalisema mpaka leo. Lakini miezi michache baadaye Mama alinipigia simu nikiwa kazini, akitaka nimwambie mkono wa yule mtoto una urefu gani kutoka begani. Nilimjibu kwamba sikupima. Akanilaumu kwamba nilikwenda mwisho wa dunia nikarudi bila kipimo, na nyuma ya sauti yake nikamsikia mwanaume akisema, "Mwambie amwulize mwenzake. Na aulize na wa mama yake."