Wananiita Kamanda kwa sababu ya buti

Msomaji wangu, ukinikuta Gerezani saa nane mchana, jua la Dar es Salaam linachoma mpaka lami inanata, na mimi nimevaa buti zilizopita kifundo cha mguu, usinicheke. Pale ofisini wameshacheka vya kutosha. Wamenipa na jina, wananiita Kamanda. Dada mmoja wa mapokezi aliwahi kuniuliza mbele ya wageni, "Kamanda, leo vita iko wapi?" Nikacheka naye, maana mjini hapa ukikasirikia utani ndio umekwisha. Lakini ndani ya buti ya kushoto mna vidole vinne, na hicho cha tano ambacho hakipo ndicho kilichonifanya nishike kalamu wiki hii.

Pikipiki nilinunua mwaka 2017 baada ya kuchoshwa na foleni ya Tabata. Si ya biashara, ni ya kwendea kazini na kurudi, na siku mojamoja kumpeleka mama watoto sokoni. Nikajiona mjanja kuliko wenzangu. Nilinunua helmeti, au elementi kama wanavyoiita vijana wa kijiweni, ile inayofunika uso mzima mpaka kidevu, kwa shilingi laki moja na nusu. Mke wangu akapiga kelele, eti hiyo ni ada ya mtoto. Nikamjibu kwamba kichwa hakina spea. Jibu hilo nilijivunia karibu miaka miwili.

Mguu sikuufikiria hata dakika moja, na nadhani katika hilo siko peke yangu. Helmeti tunaivaa kwa sababu trafiki anaidai. Kiatu hakuna anayekusimamisha akakiulizia. Ukipita barabarani asubuhi utaona wenyewe: kandambili, yeboyebo, raba zilizotoboka kidole gumba, na maofisa kama mimi na moka zetu za kupaka kiwi.

Basi bwana, Jumamosi moja ya Mei 2019 kulikuwa na send-off ya binti wa jirani. Mke wangu alitangulia na akina mama wenzake kwenye bajaji, mimi nikabaki najikwatua. Suti ya kijivu, na chini nikapigilia moka nyeusi, zile nyembamba zenye kung'aa mpaka unajiona sura, soli yake laini kama ya malapa ya chumbani. Ukumbi wenyewe haukuwa mbali, kilomita mbili hazifiki.

Mvua za masika zilikuwa zimepiga tangu alfajiri. Pale kwenye kona ya kutokea mtaani kwetu maji yalikuwa yameacha mchanga juu ya lami. Wala sikuwa nakimbia, gea ya pili, mtu mwenye mbio angenipita kwa miguu. Tairi la mbele likateleza, pikipiki ikalala kushoto, na mguu wangu ukawa katikati ya lami na kile chuma cha kukanyagia. Tuliburuzana hatua tatu nne tu, tukasimama.

Helmeti haikupata hata mkwaruzo. Suti ilichafuka begani. Nilipotazama mguuni nikakuta soksi peke yake, na soksi yenyewe inabadilika rangi. Mtoto wa jirani akaja mbio kutoka upande wa mtaro ameshika moka yangu. "Baba, kiatu chako hiki hapa!" Kizima, kinang'aa. Kiatu kilipona kwa sababu kilinikimbia.

Hospitali wakasema kidole kidogo mfupa umesagika, viwili vya jirani yake vina nyufa. Siku ya tatu daktari akaniambia kwa upole kwamba damu haifiki tena, kidole hicho hakina maisha. Kikaondolewa. Wiki sita nikatembea na magongo. Mke wangu aliniuguza bila neno mpaka siku niliporudi kukaa barazani, ndipo akalitoa la moyoni. "Kichwa ulikinunulia helmeti ya laki na nusu. Mguu ukaununulia kiatu cha kuchezea muziki." Sikuwa na jibu la kujivunia safari hii.

Nilipopata nafuu nikaenda Karume kutafuta buti za mtumba, maana mpya za waendesha pikipiki bei yake ni ya kuuza kiwanja. Muuzaji, kijana mcheshi, akaniona nachechemea akajua hapa pesa imekuja. "Mzee, chukua hizi, orijino, mzungu alivaa mara moja tu akafa!" Loh! Buti zilipendeza kweli, ngozi nene, soli nene. Elfu thelathini na tano nikatoa. Baada ya wiki tatu ile soli ikaanza kumomonyoka kama mkate uliolowa chai, vipande vikabaki ofisini kila nilipopita. Fundi viatu mmoja mzee wa Buguruni ndiye aliyenifumbua macho. Soli za namna ile, nyepesi zenye matundu madogo ndani kama sponji, huoza zenyewe kwa unyevu baada ya miaka, hata kama kiatu kimekaa kabatini hakijavaliwa. Sasa sinunui kabla sijaikunja buti kwa nguvu na kuiminya soli kwa ukucha pembezoni. Ikitoa unga au ikipasuka nyufa ndogondogo, hata iwe ya marehemu mzungu gani, naiacha pale pale.

Mzee yule alinifundisha na mengine, na malipo yake yalikuwa soda na sigara mbili. Alishika kiatu changu cha ofisini kisigino mkono huu, ncha mkono huu, akakikamua kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Kikajisokota chote. "Na mguu wako utajisokota hivihivi," akasema. Buti nzuri hukataa kukamuliwa. Ukibonyeza kwa kidole gumba pale nyuma ya kisigino haibonyei ovyo. Inapanda juu ya vile vifundo viwili vya mguu, kwa sababu vile ndivyo vinavyogusa lami kwanza pikipiki ikilala. Na ikishafungwa, mwambie mtu akuvute kisigino: ikitoka, ujue barabarani itakukimbia kama ilivyonikimbia moka.

Habari ya kamba usiidharau. Kamba ndefu yenye kitanzi hunasa kwenye gea au kwenye breki ya mguu, unasimama kwenye taa, unataka kushusha mguu chini, mguu haushuki, unaanguka kama gunia mbele ya daladala nzima. Hiyo ilinipata mimi, tena nikiwa na hizo buti zangu za kisomi. Siku hizi kamba nazifunga na ncha nazichomeka ndani.

Wapo wanaosema buti za ujenzi, zile zenye chuma mbele, zitakukata vidole. Mimi ndizo ninazovaa leo. Uzito utakaokibonyeza chuma kile mpaka kikate ungekwisha kuvisaga vidole vyako ndani ya raba. Ubaya wake ni unene wa pua yake, haipiti vizuri chini ya gea ya kunyanyua. Lakini pikipiki nyingi za hapa kwetu gea yake unakanyaga mbele na unakanyaga kwa kisigino, hivyo hainisumbui. Mabuti ya mvua, yale ya mpira, yanazuia maji na basi, kifundo hayakishiki. Na zile za rangi ya jeshi usiziguse kabisa hata ziwe bei ya karanga. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi liliwataka raia wenye mavazi yanayofanana na sare zake wayasalimishe, na mimi jina la Kamanda linanitosha.

Akina mama nao wana lao. Mke wangu ana alama kwenye shavu la mguu wa kulia, upande wa ndani, ukubwa wa yai. Ni ekzosi. Alishuka upande wa kulia akiwa na gauni. Nenda saluni yoyote uhesabu miguu yenye alama hiyo. Jirani alikimbilia kumpaka dawa ya meno, na nesi alipoiona akafoka, akasema moto wa namna ile ni kuumwagia maji safi ya kawaida dakika 20, basi. Tangu siku hiyo mama watoto akipanda huvaa suruali ya jinzi ndani ya gauni na hushukia kushoto. Kuhusu buti hataki hata kusikia, ila ameachana na vile viatu vya kamba mbili.

Mengine nayapitia haraka. Glovu za ngozi nilinunua, kwa sababu mtu akianguka hutanguliza viganja, hata mlevi. Helmeti ikishapigwa kishindo kikubwa ile sponji ngumu ya ndani imekwisha kazi yake hata kama nje inang'aa, ndiyo maana ya mtumba siichukui, sijui imeshapiga wapi. Na jaketi, jamani, wale wanaolivaa kinyume, mgongo mbele, ili kuzuia upepo wa asubuhi, nawaelewa, nimefanya hivyo mwenyewe. Lakini mgongo unabaki wazi na shati tu. Ni heri kununua lenye zipu nzima.

Sasa yupo mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 22, yuko kijiwe cha boda hapahapa Tabata. Pikipiki si yake, kila jioni analeta hesabu kwa bosi. Anaendesha na kandambili masika na kiangazi. Nimemsema mpaka nimechoka. "Anko, nikivaa buti siisikii breki." Mara joto. Mara abiria watadhani askari. Siku moja nikavua buti na soksi nikamwekea mguu mezani, hapo hapo chai inanyweka. Nikamuuliza, mimi nilikaa wiki sita na mshahara ukaingia, wewe ukikaa wiki sita nani anakulipa? Pikipiki kesho yake si inapewa deiwaka? Akanyamaza. Nikampa elfu arobaini na nikaenda naye kwa yule mzee wa Buguruni akamchagulia namba 42, ngozi, soli ya kushonwa.

Jumatatu iliyopita nimesimama getini, namwona anakuja. Mguuni kandambili. Buti zimefungwa kamba, zinaning'inia kwenye usukani, moja huku moja huku, kama kuku wa kwenda sokoni. Nikamsimamisha. Akaanza kujitetea hata kabla sijafungua mdomo: "Anko, hizi navaa nikifika barabara kubwa. Huku mtaani si pole pole tu?"

Nikamwonyesha ile kona. Mchanga ulikuwepo, ilikuwa imenyesha usiku. Nikamwambia azime pikipiki, akae hapo kwenye jiwe avae, na mimi nikakaa pembeni yake nikasubiri mpaka amalize kufunga ya pili na kuchomeka kamba ndani.